Maumivu ya Kichwa Yasiyosikia Dawa

Kuumwa kichwa ni jambo la kawaida mno hata hakuna anayeliogopa. Mtu atokaye machimboni, amekaa juani mchana kutwa, amemeza vumbi, akisema kichwa chamuuma, mkewe humpa maji na kidonge, naye hulala. Kesho yake hana neno. Lakini yako maumivu mengine ya kichwa, yaanzayo polepole, yasiyosikia kidonge. Hudumu juma moja, hudumu majuma mawili, huleta matapishi, macho huona vitu viwili mahali penye kimoja, shingo hukaza, na mwisho mgonjwa huanza kusema maneno yasiyo na maana, wala hawatambui watoto wake. Hapo ndipo jamaa hukusanyika. Mmoja asema ni malaria iliyopanda kichwani. Wa pili asema amelogwa na mwenzake wa kazi aliyemwonea kijicho. Wa tatu anajua chumba cha maombi ambako pepo hutolewa usiku. Siku zapita, fedha zapita, na mgonjwa afikapo hospitali abebwa mgongoni.

Makala haya twayaandika hasa kwa ajili ya jamaa za Kakanda, mji wa shaba na kobalti ulioko kaskazini-magharibi ya Likasi, na kwa wote waishio katika miji kama huo. Twataka kueleza ugonjwa mmoja ambao huanza hivyo, na kipimo kidogo kinachoweza kuukamata kabla haujafika kichwani.

Kila mama ajua kuvu. Ni ile imeayo juu ya mkate uliokaa, juu ya unga wa mahindi uliowekwa mahali penye unyevu, au juu ya viatu vya ngozi wakati wa mvua. Uyoga nao, ule tunaouokota msituni mvua zianzapo, ni wa ukoo huohuo. Ziko kuvu nyingine ndogo mno, zisizoonekana ila kwa hadubini, na mojawapo yaitwa kriptokoko, maana yake kwa Kigiriki ni punje iliyofichika. Jina layafaa matendo yake. Hukaa udongoni, katika mashimo ya miti na katika mavi ya njiwa yaliyokauka. Upepo huirusha, nasi twaivuta kwa pumzi bila kujua. Madaktari waliitambua katika mwili wa mgonjwa mwaka 1894, huko Ujerumani. Haipiti kutoka kwa mtu hadi mtu: anayemuuguza mgonjwa wake, akala naye sahani moja, akamfuta jasho, hataipata kwake.

Mtu mwenye afya akiivuta, mwili wake huizingira na kuifunga mapafuni, nayo hulala humo miaka mingi kama mfungwa. Walinzi wa gereza hilo ni chembe za damu ziitwazo CD4. Mtu mzima aliye mzima huwa nazo 500 au zaidi katika milimita moja ya ujazo wa damu. Virusi vya UKIMWI, ugonjwa ambao wengi wetu twauita kwa Kifaransa, sida, kazi yao ni kuwaua walinzi hawa. Wakishuka chini ya 200, madaktari husema ugonjwa umefika mbali. Wakishuka chini ya 100, mfungwa apata mlango wazi: kuvu yaingia katika damu, yapanda hata kwenye ngozi zinazofunika ubongo na uti wa mgongo, na huko huzaana. Mwaka 2020 peke yake wataalamu walikadiria kwamba watu 152,000 wenye UKIMWI duniani walipatwa na homa hii ya uti wa mgongo, na 112,000 kati yao walikufa. Ndiyo kusema, katika kila watu 5 waliokufa kwa UKIMWI, karibu mmoja aliuawa na kuvu. Walio wengi walikuwa Waafrika.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yametufikia jana. Mwaka 2014 wataalamu waliofuata nasaba ya virusi vya UKIMWI, kama vile mtu afuatavyo ukoo wa babu zake, walieleza kwamba vilianza kuenea katika mji wa Kinshasa, wakati ule Léopoldville, karibu na mwaka 1920, vikafika Lubumbashi karibu na mwaka 1937. Njia yao kila mzee wa Likasi aweza kuitaja bila kusoma kitabu: ni reli na mto. Reli ya Katanga iliunganishwa na bandari ya Ilebo mwaka 1928, na huko watu walipanda mashua kwenda Kinshasa. Treni zilichukua shaba, zikachukua wafanyakazi, askari, wachuuzi na wake zao, na pamoja nao kitu ambacho hakuna aliyekijua. Damu ya zamani iliyopata kukutwa na virusi hivyo ilitolewa Kinshasa mwaka 1959. Na mwaka 1983 madaktari wa Ubelgiji waliandika habari za mgonjwa wa kutoka Zaire aliyeugua kriptokoko mwaka 1977, miaka 4 kabla UKIMWI haujatajwa popote. Kuvu iliutangulia ugonjwa wenyewe kujulikana.

Sasa tuje kwenye kipimo.

Kriptokoko ina ganda nene, laini kama ute wa bamia, nalo humwaga vipande vyake katika damu. Vipande hivyo ndivyo alama ya mwizi. Zamani kuvitafuta kulihitaji maabara kubwa, mashine na friji. Tangu mwaka 2011 kipo kipimo cha ukanda mdogo, mfano wa kile cha malaria au cha mimba. Mtaalamu wa maabara achukua damu kidogo ya mgonjwa, aichanganya na maji ya dawa, achovya ukanda, angoja dakika 10. Mstari mmoja: hakuna kuvu. Mistari 2: kuvu imo. Hakihitaji umeme, na bei yake ni dola chache tu. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo wa 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wenye CD4 chini ya 100 wapimwe hivyo kabla ya kuanza dawa za UKIMWI, hata kama hawaumwi kichwa. Na mwaka 2018 likapandisha kipimo cha hatari hata 200.

Hata kama hawaumwi kichwa: hayo ndiyo maneno makubwa. Pale Entebbe, katika Uganda, madaktari walichunguza damu ya wagonjwa iliyokuwa imehifadhiwa, wakaona kwamba alama ya kuvu ilikuwamo damuni siku 22 hivi, kwa kadiri ya kati, kabla mgonjwa hajaanza kuumwa. Majuma 3! Katika majuma hayo mtu hutembea, hupika, huenda Misa, wala hajui kitu. Akipimwa wakati huo na kupewa vidonge vya flukonazoli, wengi huokoka bila kuiona kamwe homa ya uti wa mgongo.

Na asipopewa? Habari ya Kampala, iliyochapishwa mwaka 2010, yatosha. Walipimwa watu 295 wenye CD4 zisizozidi 100, waliokuwa wakianza dawa za UKIMWI. Watu 26 walikutwa na alama ya kuvu. Kati yao 21 walipewa flukonazoli, na 15 wa hao walikuwa hai baada ya miaka 2 na nusu. Wale 5 waliobaki hawakupewa. Wote 5 walikufa kabla ya miezi 2 kwisha, ingawa walikuwa wamekwisha kuanza dawa za UKIMWI. Msomaji asome tena hesabu hiyo pole pole. Hao watano hawakufa kwa uvivu wa kumeza dawa. Walikufa kwa sababu dawa waliyopewa ilikuwa ya adui mmoja, na adui wa pili aliachwa nyumbani mwao.

Katika Dar es Salaam na Lusaka jambo hilo lilijaribiwa kwa watu wengi zaidi, kuanzia mwaka 2012. Wagonjwa karibu 2,000 wenye CD4 chini ya 200 waligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza walitunzwa kama ilivyokuwa desturi ya kliniki. Fungu la pili walipimwa kuvu, na tena katika majuma ya kwanza walitembelewa nyumbani na watu wa kawaida, si wauguzi, waliofundishwa kuwasaidia kumeza dawa na kutambua dalili za hatari. Baada ya mwaka mmoja, katika fungu la kwanza walikufa 18 katika kila 100. Katika fungu la pili 13. Daktari Sayoki Mfinanga wa taasisi ya utafiti ya Tanzania na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 2015. Mimi naona katika habari hii kitu kimoja kinachotuhusu Wakristo kuliko ukanda wenyewe: wale wageni wa nyumbani. Legio Maria wa parokia zetu huwatembelea wagonjwa tangu zamani, wakiwa na rozari. Haitawachosha kuuliza pia, "Je, kichwa kinakuuma? Tangu lini? Vidonge vimebaki vingapi?"

Sasa lazima tuseme juu ya sindano ya mgongoni, maana hapo ndipo jamaa nyingi hukimbia.

Mgonjwa akikutwa na kuvu damuni, au akiwa na maumivu ya kichwa kama tulivyoeleza, daktari hutaka kuchukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Jamaa husikia neno hilo, huinuka mara moja. Husema, "Fulani alichomwa mgongoni, kesho yake akafa." Mara nyingi ni kweli kwamba fulani alichomwa, na ni kweli kwamba alikufa. Lakini aliletwa siku gani? Aliletwa akiwa amekwisha kupoteza akili, na sindano ilikuwa jambo la mwisho ambalo watu waliliona. Ndivyo pia wengine wanavyomwogopa Padre aletapo Mpako wa Wagonjwa, wakidhani yeye ndiye aletaye kifo, kumbe wamemwita saa ya mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba sakramenti hiyo si ya wale tu walio katika kufa. Nayo sindano ni vivyo hivyo.

Tena sindano hii hufanya kazi mbili. Kwanza huonyesha kama kuvu imefika kichwani. Pili, nayo ni kubwa, hupunguza maji. Kuvu ikizaana huziba njia ndogo ambazo maji ya ubongo hupita, yakajaa kama bwawa ambalo mfereji wake umezibwa na matope. Maji hayo yaliyojaa ndiyo yaumizayo kichwa, yaponzayo macho na masikio, na ndiyo yauayo. Daktari akitoa kiasi, mgonjwa mara nyingi hupata nafuu saa ileile, na maji yakijaa tena, hutolewa tena. Huko Uganda na Afrika Kusini madaktari waliona kwamba wagonjwa waliorudiwa sindano hiyo katika siku za kwanza walikufa wachache sana kuliko wasiorudiwa. Sindano huingia chini ya kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha, haiugusi. Baba wa jamaa anayekataa sindano kwa niaba ya mgonjwa asiyejiweza, na ajue anachokikataa.

Dawa nazo zimebadilika kwa namna ya kupendeza. Ya zamani na yenye nguvu ni amfoterisini, iliyopatikana katika miaka ya 1950 kutoka vijidudu vya udongo wa Venezuela, nchi ya Amerika ya Kusini. Basi kuvu ya udongo yapigwa kwa dawa ya udongo. Lakini ilikuwa dawa kali, ikadhuru mafigo na kupunguza damu, na ilimbidi mgonjwa atundikiwe mshipani kila siku kwa majuma 2. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini kwa wagonjwa zaidi ya 800. Walitumia amfoterisini iliyofunikwa kwa mafuta, kwa kipimo kikubwa, mara moja tu, siku ya kwanza, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa majuma 2. Baada ya majuma 10 walikuwa wamekufa karibu 25 katika kila 100, na waliotibiwa kwa njia nyingine karibu 29. Madhara ya dawa yalikuwa machache zaidi. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaishauri njia hiyo mpya.

Robo ya wagonjwa kufa si jambo la kushangilia. Hata kwa dawa bora kabisa, anayefika na kuvu kichwani yumo hatarini, na ndiyo sababu twasisitiza kipimo cha mapema.

Tena iko habari ya bei. Mwaka 2018 kampuni iitengenezayo dawa hiyo yenye mafuta ilitangaza kwamba nchi maskini zitauziwa chupa moja kwa dola 16.25. Mtu wa kilo 50 huhitaji chupa 10 kwa ile mara moja. Fanyeni hesabu: zaidi ya dola 160, kabla ya kitanda, sindano na maabara. Ni jamaa gani ya mchimbaji wa mkono iliyo na fedha hizo sandukuni? Dawa hizi hutegemea misaada, na mwanzoni mwa mwaka 2025 tuliona jinsi msaada unavyoweza kukatika kwa amri ya siku moja, serikali ya Marekani iliposimamisha fedha zake kwa nchi za nje. Haut-Katanga na Lualaba zilikuwa miongoni mwa majimbo ya Kongo yaliyotegemea fedha hizo kwa kazi ya UKIMWI. Katika nchi ambayo ardhi yake hutoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, ni aibu kwamba ukanda wa dola chache hungojea hisani ya mbali. Neno hilo twaliandika kwa wakubwa, kama wasoma gazeti hili.

Wengine watasema: siku hizi dawa za UKIMWI zipo, nani afikaye kwenye CD4 100? Wanafika wengi, na siyo wale tu wasiopata kupimwa. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliwatunza wagonjwa wa namna hiyo Kinshasa, katika hospitali ya Kabinda, na lilifanya kazi hiyo pia Homa Bay, katika Kenya. Habari zake, zilizochapishwa mwaka 2018, zaonyesha kwamba walio wengi waliolazwa wakiwa na ugonjwa uliofika mbali walikuwa wamekwisha kuanza dawa zamani. Waliziacha, au dawa zilishindwa nguvu. Mume alihamia chimbo jingine akaacha kadi yake nyumbani. Mama aliona haya kuonekana na jirani kwenye mlango wa kliniki. Mwingine aliambiwa katika chumba cha maombi kwamba amekwisha kupona, na kwamba kumeza kidonge ni kukosa imani. Juu ya hao wa mwisho hatuna budi kusema wazi: mtu anayemzuia mgonjwa dawa yake kwa jina la Mungu atenda dhambi dhidi ya amri ya 5. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chamwagiza mgonjwa asali, na katika sura ileile chamwagiza ampe daktari nafasi yake.

Kriptokoko haiko peke yake. Utando mweupe kinywani, unaozuia kumeza, ni kuvu nyingine, nayo ni tarishi: aionapo mtu mzima, na aende apimwe damu upesi. Iko kuvu ya mapafu iitwayo nyumosisti, inayokata pumzi; hiyo huzuiwa na kidonge cha kotrimoksazoli, ambacho wengi hukidharau kwa sababu ni cha bei ndogo. Na iko histoplasma, yenye homa, kukonda na kikohozi, ambayo hufanana na kifua kikuu kama ndugu pacha. Aina yake moja ya Kiafrika ilipewa mwaka 1952 jina la Dubois, daktari Mbelgiji. Katika miji ya vumbi la machimbo kila kikohozi huitwa kifua kikuu. Mgonjwa ameze dawa za kifua kikuu, lakini asipopata nafuu, jamaa waulize tena.

Jambo moja huwachanganya wengi. Mgonjwa ambaye kuvu imempanda kichwani, daktari humwambia angoje majuma 4 hadi 6 kabla ya kuanza dawa za UKIMWI. Jamaa hudhani amesahauliwa. Sivyo. Mwaka 2014 uchunguzi wa Uganda na Afrika Kusini ulionyesha kwamba walioanza mapema, katika majuma 2 ya kwanza, walikufa 45 katika 100, na waliongoja majuma 5 walikufa 30. Walinzi wakirudi ghafula wakati kichwa kimejaa kuvu, vita yenyewe hubomoa nyumba. Anayetoka hospitali hupewa flukonazoli ya kumeza nyumbani mwaka mzima au zaidi, na kidonge hicho hakiachwi kwa sababu kichwa kimenyamaza.

Watu huuliza pia habari za njiwa: je, tuwachinje? La. Njiwa mwenyewe kwa kawaida haugui, na kuvu imo udongoni na mitini hata mahali pasipo na njiwa hata mmoja. Ila mwenye damu dhaifu asitumwe kufagia banda lao wala dari walimolala popo na ndege. Afagie mwingine, na kwanza anyunyize maji, vumbi lisiruke.